Mashine Isiyo na Malalamiko

Siku niliyokabidhi funguo za karakana mlinipa chai, keki na hotuba tatu. Kisha mmoja wenu akaniuliza, kikombe kikiwa mkononi, ni lipi nililojifunza katika miaka yote ile ya kuwasikiliza watu wenye mawazo ya mashine. Nilijibu kwamba nitaandika. Nilidhani nimejinasua, kumbe nilikuwa nimejifunga. Haya basi ndiyo maandishi yenyewe. Hamtakuta humu vyeo wala mishahara, kwa kuwa vyeo vimo katika faili la ofisi na mishahara ilikwisha kuliwa. Mtakuta jembe moja, kalipa moja, na mashine moja ya kupura wimbi ambayo ilinifundisha kuliko nilivyoifundisha.

Niliingia katika karakana ya chuo chetu, hapa mjini Kisii, asubuhi ya Jumatatu yenye mvua, nimevaa tai. Tai ile ilikuwa kosa langu la kwanza. Msimamizi wa karakana, Bwana Ombati, aliitazama kwa utulivu, akaitazama mashine ya kukerezea chuma iliyokuwa ikizunguka nyuma yangu, akasema, "Kijana, ile haichagui. Inakula kitambaa, halafu inakula mwenye kitambaa." Nikaivua papo hapo. Hata leo, nikiivaa kanisani, hugeuka mara moja au mbili kuangalia kilicho nyuma yangu.

Nilitarajia kwamba siku ile ningepewa kazi ya maana, kwa kuwa nilikuwa na stashahada na kalamu nne. Bwana Ombati aliniletea jembe lililovunjika mpini, akaliweka mezani.

"Hiki ni nini?"

"Jembe, bwana."

"Hilo ni jina lake. Mimi sikukuuliza jina. Nimeuliza ni nini. Andika."

Niliandika hadi saa sita. Nilieleza ubapa wa chuma, upana wake juu na chini, pembe ya tundu la mpini, aina ya mti, mahali ulipovunjika na upande ambao nyufa zilielekea. Nilijaza kurasa mbili, na nakiri kwamba nilijipenda. Bwana Ombati alizisoma zote bila kuruka mstari, kama asomavyo mtu anayekusudia kurudisha kitu dukani. Alipomaliza alinitazama juu ya miwani.

"Umeeleza chuma vizuri. Mti umeueleza vizuri. Na mwenye kulishika yuko wapi?"

"Hayupo, bwana. Umeleta jembe peke yake."

"Hapana. Yumo humo mpinini. Ameshika hapa, ndiyo maana pameng'aa. Ni mfupi, ndiyo maana ameshika chini. Na ana hasira, au shamba lake lina mawe. Rudia."

Nilidhani ni ucheshi wa mtu aliyekaa sana na vyuma. Nilirudia, nikamwongeza mtu katika aya ya mwisho ili kumridhisha mkubwa wangu, kisha nikamsahau mtu huyo kwa miaka mingi. Kuhusu namna nilivyokumbushwa nitaeleza mahali pake.

Jambo la pili alilonifundisha ni kalipa, kile kipimio cha chuma chenye taya mbili ambacho mmekikuta katika mtoto wa meza. Alikuwa akikifunga kwa kipande cha flana na kukilaza kama mtoto mchanga. "Jicho husifu," alizoea kusema, "kalipa husema." Fundi akileta ekseli na kuapa kwamba imenyooka, Bwana Ombati alimsikiliza kwa heshima zote, akampa kiti, akamwagizia chai, kisha akapima. Alipostaafu alinikabidhi kalipa ile ikiwa ndani ya flana yake. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usiikopeshe," na ndilo agizo pekee katika maisha yangu ya kazi ambalo sikulivunja hata mara moja.

Baada yake nilipewa dawati la wavumbuzi. Mnalijua, lile lililo karibu na dirisha linalovuja. Kazi ilikuwa rahisi kuitaja: mtu anakuja na wazo, tunalichunguza, tunamsaidia kulichora, kulijenga na kulijaribu, kisha, likistahili, tunamwandalia ombi la hataza, yaani ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Ugumu ulikuwa katika watu, na raha pia ilikuwa kwao. Alikuja mzee mmoja mara tatu na kitu alichokifunika kwa gunia. Mara ya kwanza alikataa kulifungua gunia kwa kuwa sikuwa nimefunga mlango, na mara ya pili kwa kuwa nilikuwa nimefunga mlango. Mara ya tatu alilifungua, tukakuta panya amekula mkanda, na mzee akaondoka akiwa na uhakika kwamba panya yule alitumwa. Alikuja mwalimu wa fizikia na mashine ya kuzunguka milele bila kusukumwa. Tuliizungusha, ikasimama. Akasema ni kwa sababu ya baridi. Akaja pia mchuma chai kutoka upande wa Nyaramba aliyelitilia kapu lake magurudumu. Ulikuwa uvumbuzi wa kweli, na nasema hivyo kwa dhati. Ulikosa breki tu. Nyote mnaozijua tambarare za Nyamira, ambazo hazipo, mtakisia kapu lile lilisimama wapi. Tulilipata siku ya pili, ng'ambo ya mto, chai ikiwa bado ndani.

Nimewataja hawa kwa mapenzi. Aliyekuja na kosa lake mkononi alikuwa mbele ya yule aliyekaa nyumbani bila kosa lolote.

Sasa nifike kwa Momanyi.

Alikuwa fundi wa kuchomelea mwenye kibanda pale Mosocho, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kuzungumza huku akipapasa chuma chochote kilicho karibu. Siku aliyokuja alipapasa mguu wa meza yangu mpaka nikakumbuka kwamba umelegea. Mama yake, kule Nyaramba, alikuwa amepura wimbi kwa fimbo maisha yake yote, na bega la kulia lilikuwa limemshinda, asiweze tena kuuinua mkono kufika kichwani. Momanyi alikuwa ameunda sanduku la bati lenye miguu minne. Ndani yake mlizunguka pipa jembamba lililovishwa vipande vya mpira wa tairi. Vipande vile viliyapiga masuke, punje zikaanguka, na feni ndogo iliyofungwa kwenye ekseli ileile ikapuliza makapi nje. Alikuwa ameweka hendeli moja ya kuzungushia.

"Ni nzito, mwalimu," alisema. "Mtu mmoja anachoka kabla ya debe kujaa."

Hapo ndipo nilipotoa ushauri wangu. Naueleza kwa ukamilifu kwa kuwa ulikuwa wangu na si wake. Nilikuwa nimewaona wapasua mbao wakivuta msumeno, mmoja huku na mwingine kule, wakitazamana, na jinsi kutazamana kulivyowapa mdundo mmoja. Nilimshauri aweke hendeli ya pili upande wa pili, watu wawili waelekeane, sanduku likiwa katikati. Nilichora mchoro kwa mkono wangu. Nilichora duara mbili za vichwa, nikaandika "Mwendeshaji A" na "Mwendeshaji B". Sanduku lilikuwa dogo, hivyo vichwa vilikuwa karibu, kiasi cha urefu wa mkono mmoja. Nililiona hilo kuwa jambo jema, kwa sababu ekseli fupi haipindi.

Tuliijaribu karakanani, mimi upande mmoja na Momanyi upande mwingine. Punje chache zilirukia usoni mwetu kupitia mdomo wa kulishia, lakini mdundo ulikuwa mzuri na debe lilijaa. Tulituma ombi la hataza. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, tukatafuta nyumba ya kuifanyia majaribio ya msimu mzima. Momanyi alikataa iwe kwa mama yake.

"Mama atasema ni nzuri hata ikimkata kidole. Nataka watu wasionijua. Ikipita kwao, ya mama nitaiunda usiku huohuo."

Nilichagua nyumba ya Mzee Nyakundi, karibu na Magwagwa. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa taratibu, ambaye hakuna aliyepata kumsikia akisema uongo. Katika boma lile mchana walibaki watu watatu: mzee mwenyewe, Kerubo, mkaza mwana wake, ambaye mumewe alifundisha shule ya mbali, na mama mzazi wa mzee, aliyeitwa na wote Magokoro, yaani bibi. Mke wa mzee aliuza ndizi sokoni na kurudi jioni. Tuliwaachia mashine, tukawaonyesha namna ya kuitia grisi, tukaondoka.

Mavuno yalipokwisha nilimpigia simu mzee, daftari likiwa wazi mbele yangu.

"Mashine iliendaje, mzee?"

"Ni mashine nzuri sana, mwalimu. Imeundwa na mtu mwenye akili."

"Hamkupata taabu yoyote?"

"Nakuambia kweli, hatujapata taabu nayo hata siku moja."

"Kuna kitu kilichovunjika?"

"Hata skrubu."

Niliandika katika safu ya mwisho: *Hakuna malalamiko.* Nikapigia mstari. Mtakubali, mtakapofika mwisho, kwamba mzee wa kanisa hakusema neno moja lisilo kweli.

Miezi ikapita, kisha barua ya mkaguzi wa hataza ikafika. Ilikuwa na adabu, na kwa hiyo ilituumiza zaidi. Ilisema kwamba mashine ya kupura yenye hendeli mbili zinazoelekeana inajulikana kwingineko tangu zamani. Mwombaji aeleze ni kipi hapa kilicho kipya, na asipoeleza katika muda uliowekwa, ombi litafungwa. Sheria ya hataza haiulizi kama kitu ni kizuri. Fimbo ya mama yake Momanyi nayo ilikuwa nzuri. Sheria inauliza kipya ni kipi, na mimi, niliyeongeza hendeli ya pili, nilikuwa nimeongeza kile ambacho dunia ilikuwa nacho tayari.

Momanyi aliisoma barua mara mbili, akiupapasa mguu wa meza.

"Ikifungwa, mwalimu, mimi nafunga kibanda. Binamu yangu yuko Nakuru, ananiita kila wiki tutengeneze mageti. Geti haliulizwi kipya ni kipi."

"Na mama?"

"Mama ameanza kupura kwa mkono wa kushoto."

Nikasema lile ambalo husemwa na mtu wa karakana aliyekwama: twende tukapime. Mashine iliyofanya kazi msimu mzima hueleza yenyewe mahali ilipolemewa, na huenda katika kulemewa kwake tungeona jambo la kurekebisha ambalo hakuna aliyelirekebisha kabla yetu.

Tulifika Magwagwa kabla ya adhuhuri. Mzee Nyakundi alitupokea vizuri, Kerubo akaleta chai na ndizi, akaviweka mezani na kuondoka kwa upande, kama inavyofaa mbele ya baba mkwe. Mashine ilikuwa chini ya paa la ghala, imefunikwa kwa gunia safi. Safi kupita kiasi, nilifikiri, lakini nilidhani ni usafi wa nyumba. Nilifungua bushi, ile pete ya shaba ambamo ekseli huzunguka, nikaifuta na kutoa kalipa.

Bushi inayozungushwa msimu mzima hulika. Haina budi. Hata ukiitia grisi kama unavyomtia mtoto mafuta, hulika walau kiasi cha unywele. Nilipima. Kipimo kilikuwa kilekile nilichoandika siku tulipoifunga. Nilipima upande wa pili, kilekile. Nilitazama hendeli, rangi yake ilikuwa nzima pande zote na haikuwa imeng'aa mahali popote. Nyuma ya ghala, juu ya ngozi iliyoanikwa, ilikuwepo fimbo ya kupuria, na ile ilikuwa imeng'aa mpaka ilikuwa karibu kuwa kioo.

"Mzee," nilisema, "mashine hii haikutumika."

Mzee Nyakundi alitazama mlimani. "Ni mashine nzuri sana," alisema. Kisha akakumbuka kwa ghafla kwamba ng'ombe wake alikuwa na kiu, akaenda.

Nilimfuata Kerubo hadi mlango wa jiko, nikasimama mbali kidogo. "Mama, niambie bila kuogopa. Ilikuwa nzito?"

"Si nzito, mwalimu."

"Ilikuwa inamwaga?"

"Haimwagi." Alikuwa akiinamia sufuria isiyokuwa na kitu. "Ni nzuri. Pole kwa safari."

Nilimwendea Magokoro, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akichambua maharagwe. Nilimuuliza mara tatu, kwa Ekegusii safi kadiri niwezavyo. Mara tatu alinijibu kuhusu mvua. Sikulielewa jambo hilo wakati ule, ingawa nilipaswa. Mimi ni rika la mwanawe, hivyo kwake mimi ni mtoto wa kiume mtu mzima, na yako mambo ambayo mama hayatamki mbele ya mwanawe hata akitekenywa. Lakini Momanyi alikuwa wa umri wa wajukuu wake, na kati ya bibi na mjukuu hakuna ukuta. Kwetu bibi na mjukuu hutaniana mpaka wapita njia hucheka. Mara tu nilipojitenga na kujifanya napima ekseli, nilimsikia akipaza sauti. Nayatafsiri maneno yake bila kuyapamba.

"Wewe mume wangu mwembamba, umekuja kunichukua au umekuja kuchukua vyuma vyako?"

"Nimekuja kuchukua vyote, Magokoro. Lakini nitaanza na vyuma, wewe huna kutu."

"Vyuma hivyo navyo havina kutu. Kutu vingeipata wapi, na havijawahi kutoka jasho?"

"Kwa nini hamkuvitumia? Ni vibaya?"

"Si vibaya. Havina haya tu."

"Chuma kitakuwaje na haya?"

"Kweli, chuma hakina. Aliyekiunda ndiye alipaswa kuwa nayo. Njoo."

Aliinuka kwa mkongojo wake, akamwongoza hadi ghalani, akamshikisha hendeli moja na yeye mwenyewe akaishika ya pili. Akainama. Vichwa vyao vikawa karibu kugongana.

"Haya, zungusha. Unaniona?"

"Nakuona mpaka meno."

"Yapo mawili, umeshayahesabu. Mimi ni bibi yako, ukiyaona si neno. Sasa hapa nilipo mweke Kerubo. Hapo ulipo mweke baba mkwe wake. Jua limewaka, nguo ni za shambani, huyu akiinama yule anainuka, pumzi kwa pumzi, tangu asubuhi hadi jioni. Utakuwa umewaletea wimbi au umewaletea aibu?"

Momanyi aliiachia hendeli kama iliyokuwa imetoka motoni.

"Mbona hawakusema?"

"Waseme kwa nani? Mwanangu amwambie mwalimu, 'Siwezi kutazamana na mke wa mwanangu'? Akishalisema ameshaivunja staha. Na huyo mwalimu wako pale anayejifanya kupima, alinijia mimi! Nimwambie mtoto wangu mambo kama hayo? Nimemwambia habari za mvua mpaka imekaribia kunyesha."

Nilisimama pale na kalipa mkononi. Niliyajua yote hayo. Nilizaliwa katika vilima hivi. *Chinsoni*, zile staha zinazomtenga mzazi na mtoto, mkwe na mkwe, nilizijua kabla sijajua kusoma. Sijawahi kumpa mkono mama mkwe wangu, na akija kwangu najua nitakaa wapi na nitatokea mlango upi. Lakini mbele ya meza ya kuchorea nilikuwa nimechora A na B kana kwamba A na B hawana ukoo. Na nilisikia, wazi kama siku ile ya tai, sauti ya Bwana Ombati ikiniuliza: mwenye kulishika yuko wapi?

Nilianza kucheka. Momanyi akacheka. Magokoro, ambaye hakuwa ametuliza kicheko chake tangu mwanzo, alilazimika kushikiliwa. Mzee Nyakundi, mbali kule penye ng'ombe, alitazama upande wetu, akaona kwamba jambo limekwisha kusemwa na kwamba si yeye aliyelisema, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yalishuka.

Tuliirudisha mashine Mosocho tukiwa tumeifunga kamba juu ya pikapu. Wiki zilizofuata zilikuwa kati ya zile zilizonifurahisha zaidi katika kazi yangu, ingawa muda wa barua ulikuwa ukitupungukia. Wazo la kwanza la Momanyi lilikuwa kuondoa hendeli ya pili, lakini uzito ulirudi palepale. La pili lilikuwa kuwageuza watu wapeane mgongo, lakini mtu anayezungusha kwa nyuma huzungusha kwa hasira. Siku ya tatu alishinda akipapasa mdomo wa kulishia, ule uliokuwa ukirusha punje. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuliamsha wazo lake:

"Mwalimu, na tukiuinua huu mdomo? Tuufanye mpana na mrefu, usimame wima katikati yao. Huyu asimwone yule."

"Uwe kiambaza?"

"Uwe kiambaza chenye tumbo. Masuke tutayajaza humo ndani."

Alikata bati jioni ile. Mdomo uliokuwa kama sahani sasa ulisimama kati ya waendeshaji wawili, mpana kama mlango wa kabati, wenye kimo cha mtu aliyesimama wima. Tuliujaza kapu zima la masuke kutoka juu, kila mmoja akashika hendeli upande wake. Sikumwona Momanyi. Nilimsikia tu. Na hapo yakatokea mambo mawili ambayo hatukuwa tumeyaomba. Punje zilizokuwa zikiruka usoni ziligonga kuta za ule mdomo mrefu na kurudi ndani, wala haikupotea hata ya kumlisha kifaranga. Na masuke, kwa uzito wake yenyewe, yaliteremka taratibu kuelekea pipani, hivyo hapakuwa na haja ya mmoja kuacha hendeli ili alishe. Tulizungusha bila kusimama mpaka kapu likaisha. Niliupitisha mkono ndani ya debe, nikaendelea kuupitisha, kwa raha tu.

"Mwalimu," Momanyi aliniita kutoka upande wa pili wa bati, "hicho ni kipya?"

Nilirudi kwenye vitabu na michoro ya mashine za kupura kwa siku kumi, nikitafuta mahali popote duniani ambapo mtu aliinua mdomo wa kulishia ukawa ghala la masuke na kiambaza cha watu kwa wakati mmoja. Sikupata. Pengine kwingine watu hutazamana tu, wala hawaoni taabu. Niliandika jibu letu kwa lugha ile kavu inayotakiwa: mdomo wa kulishia ulio wima, uliowekwa kati ya waendeshaji wawili, wenye kimo cha kuwakinga wasionane, unaobeba shehena ya masuke na kuzuia punje kutoka. Momanyi alisoma akauliza kama hilo la kutoonana ni lazima liandikwe. Nilimwambia kwamba ombi la hataza ni mahali pa kuandika kila kitu kilichomo, na hilo limo kuliko yote.

Mkaguzi alinipigia simu. Alikuwa mtu makini, mwenye sauti ya mtu aliye na majalada mengi mezani.

"Nina swali moja kuhusu ile sehemu iliyo wima. Ni kwa ajili ya nafaka au kwa ajili ya watu?"

"Ilianza kwa ajili ya watu," nilijibu. "Nafaka ilijiunga baadaye."

"Watu gani hao wasiotaka kuonana wakifanya kazi pamoja?"

"Wewe una mkwe, bwana?"

Alicheka kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa katika mazungumzo ya kiofisi, kisha akasema ameelewa. Hati ilitoka. Momanyi aliisoma akiwa amesimama, akaniomba nami niisome ili ahakikishe kwamba sisi wawili tunasoma kitu kimoja, kisha akaenda moja kwa moja kibandani kukata bati la mashine ya mama yake. Nakuru hakwenda. Binamu yake ndiye aliyerudi, na leo anachomelea midomo.

Wenzangu, kati ya yote niliyoyaacha katika mtoto wa meza, shikeni hili: msimuulize mtu kama mashine ni nzuri. Watu wetu wana adabu, na watawajibu kwa adabu. Mwombeni awaonyeshe mahali ilipolika.

Mashine yenye mdomo mpya tuliirudisha Magwagwa, na mavuno yaliyofuata nilikwenda huko peke yangu, bila kutoa taarifa. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Mashine ilikuwa ikiunguruma, na juu ya mngurumo wake watu wawili walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu ng'ombe yupi auzwe.

"Tata, huyo wa baka jeupe hana maziwa!" Kerubo alikuwa akimwita baba mkwe wake kwa sauti kuelekea bati.

"Ana maziwa, mnamkamua vibaya!" bati likamjibu kwa sauti ya Mzee Nyakundi.

"Njoo umkamue wewe basi!"

"Zungusha, zungusha, unaniachia kazi!"

Magokoro, kwenye kigoda chake, aliniona nikisimama. Alisema habari za mvua, kama inavyopasa kati yetu, lakini alikuwa akitabasamu kwa meno yote mawili.

Walipopumzika niliomba ruhusa, nikafungua bushi, nikaifuta, nikatoa kalipa kutoka katika flana ya Bwana Ombati. Nilipima mara tatu, maana sikuyaamini macho yangu kwa sababu ya furaha. Ilikuwa imelika, sehemu ya kumi ya milimita na kidogo juu. Kerubo aliiona sura yangu, akakaribia kwa wasiwasi.

"Imeharibika, mwalimu?"

"Hapana, mama," nilimwambia. "Imetumika."

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa mwaka uliotangulia, nikakata kwa mstari mmoja ulionyooka yale maneno *Hakuna malalamiko*, na chini yake nikaandika kipimo.